Kata, Hamisha, Kisha Hesabu: Namna ya Kulielewa Swali la Jiometri

Chora msambamba, yaani umbo la pande nne ambalo kila pande mbili zinazotazamana ni sambamba. Kitako chake kiwe sentimita 10, upande wake ulioinama sentimita 6, na kimo chake, yaani umbali wa wima kutoka kitako hadi upande wa juu, sentimita 5. Eneo lake ni ngapi? Wanafunzi wengi niliokaa nao meza moja hujibu 60 hata kabla ya kushika kalamu. Wamezidisha 10 kwa 6, kwa kuwa hizo ndizo namba zilizoandikwa kwenye pande, na kwenye mstatili hivyo ndivyo tunavyofanya. Jibu sahihi ni 50.

Ukimwambia mtu huyo "kanuni ni kitako mara kimo" ataandika, atakariri, na wiki ijayo atajibu 60 tena. Mimi huona afadhali atafute vijiti vinne, viwili vya sentimita 10 na viwili vya sentimita 6, avifunge kwa uzi kwenye ncha zake na kuvisimamisha kama mstatili. Hapo eneo ni 60 kweli. Kisha ausukume upande wa juu pembeni, taratibu. Umbo linainama. Pande bado ni 10 na 6, hakuna kijiti kilichofupika, lakini nafasi iliyo ndani inazidi kubana. Akiendelea kusukuma, vijiti vyote vinalala kwenye mstari mmoja na nafasi inaisha kabisa. Pande ni zilezile, ila eneo limetoka 60 hadi sifuri. Kwa hiyo urefu wa pande peke yake hauwezi kukupa eneo la msambamba. Kuna kitu kingine kinachopungua wakati umbo linainama, nacho ni kimo.

Sasa chukua mkasi. Kata ile pembetatu iliyochomoza upande mmoja wa msambamba, ukikata wima moja kwa moja kutoka kona ya juu, kisha uihamishie upande wa pili. Inakaa sawasawa, na mbele yako pana mstatili wa 10 kwa 5. Hakuna karatasi iliyoongezeka wala iliyopotea. Kanuni ya kitako mara kimo ilitokana na mkato huo.

Nimeanza hapa kwa sababu naamini karibu jiometri yote ya msingi iko hivi. Umbo usilolijua unalikata, unahamisha kipande au unaongeza kingine, hadi upate umbo unalolijua. Kanuni zilizopangwa nyuma ya kitabu ni kumbukumbu za mikato ambayo watu walishaifanya. Anayeujua mkato akisahau kanuni anaweza kuitengeneza upya papo hapo, lakini aliyekariri kanuni bila mkato, siku akisahau hana pa kuanzia.

Maeneo: kila kitu kinarudi kwenye mstatili

Pembetatu ni nusu ya msambamba. Chora pembetatu yoyote, tengeneza pacha wake, mgeuze kichwa chini na umbandike ubavuni: unapata msambamba wenye kitako kilekile na kimo kilekile. Ndiyo maana eneo la pembetatu ni nusu ya kitako mara kimo. Jambo hili halibadiliki hata pembetatu ikiwa na pembe butu, ingawa hapo wengi hukwama, kwa kuwa kimo huangukia nje ya umbo. Refusha kitako kwa mstari wa nukta nukta, shusha kimo hadi kwenye mstari huo, kisha hesabu kwa kitako kile cha asili. Mstari wa nukta nukta umeuchora ili kupima kimo tu. Hauingii kwenye urefu wa kitako.

Trapeza nayo inafuata njia hiyohiyo. Tuseme pande zake mbili sambamba ni sentimita 7 na 11, na kimo ni 4. Chukua trapeza mbili za namna hiyo, moja uigeuze, uziunganishe: unapata msambamba wenye kitako cha 18 na kimo cha 4. Eneo la zote mbili ni 72, hivyo moja ni sentimita za mraba 36. Sikutaja kanuni yoyote mpya.

Duara lina ukaidi wake, maana halina upande ulionyooka wa kuanzia. Mwandishi wa Misri ya kale aitwaye Ahmose, takriban mwaka 1550 KK, alinakili kwenye mafunjo swali la shamba la duara lenye kipenyo cha 9. Maelekezo yake ni kuondoa sehemu moja ya tisa ya kipenyo, ibaki 8, kisha 8 mara 8, jibu 64. Ukihesabu leo kwa pai (takriban 3.14) utapata 63.6. Kwa hesabu ya zaidi ya miaka elfu tatu iliyopita, tofauti hiyo ni ndogo sana.

Mkato wa duara ni huu. Ligawe kama keki, vipande vyembamba vingi vinavyokutana katikati. Vipange safu moja, kimoja ncha juu, kinachofuata ncha chini. Vikiwa vinane, safu inaonekana kama msambamba wenye mawimbi juu na chini. Vikiwa mia, mawimbi karibu yamefutika na unatazama mstatili. Kimo cha mstatili huo ni nusu kipenyo. Urefu wake ni nusu ya mzingo, kwa kuwa nusu ya vipande imegeuzia mgongo juu na nusu nyingine chini. Mzingo ni pai mara kipenyo, basi nusu ya mzingo ni pai mara nusu kipenyo. Zidisha hiyo kwa kimo na umepata pai mara nusu kipenyo mara nusu kipenyo.

Kuhusu pai yenyewe, usiamini kwamba ni 22/7. Archimedes, mwanahisabati Mgiriki aliyefariki mwaka 212 KK, alianza na umbo la pande 6 lililobanwa ndani ya duara na lingine lililolizunguka kwa nje, akaongeza pande maradufu hadi 96, akathibitisha kwamba pai ni kubwa kuliko 3 na 10/71 na ni ndogo kuliko 3 na 1/7. Ile 3 na 1/7 ndiyo 22/7, kwa hiyo ni mpaka wa juu, imezidi kidogo. Swali likikupa nusu kipenyo cha 7, 14 au 21, mtunzi amekuandalia 22/7 ili namba zikatike vizuri. Vinginevyo iache pai kama ilivyo hadi mstari wa mwisho. Ukikadiria katikati ya hesabu, kosa dogo linazidishwa kila hatua.

Pembe: chora mstari ambao swali halikuchora

Nyuzi 360 za duara tumezirithi kutoka Babeli, kwa watu waliohesabu kwa makundi ya 60. Ni namba rahisi kuigawa: kwa 2, 3, 4, 5, 6, 8, 9, 10, 12 na kuendelea. Kutoka hapo una mambo mawili ya kushika. Mstari ulionyooka una nyuzi 180. Na mistari sambamba ikikatwa na mstari mmoja, pembe zilizo kwenye mikunjo miwili ya herufi Z zinalingana. Mengine yote yanazaliwa na hayo mawili.

Chukua pembetatu. Kwa nini pembe zake zikijumlishwa ni 180 na si 170 au 200? Pitisha kwenye kona ya juu mstari ulio sambamba na kitako. Pembe ya kushoto ya kitako inajitokeza tena juu, upande wa kushoto wa kona, kwa njia ya Z. Ya kulia nayo inajitokeza upande wa kulia. Sasa pembe zote tatu zimekaa bega kwa bega juu ya mstari mmoja ulionyooka. Ndiyo hiyo 180.

Hila hiyo ya kuchora mstari wa ziada ndiyo inayofungua maswali ambayo mwanzoni yanaonekana hayana pa kushika. Tazama hili. Mistari miwili sambamba, mmoja juu, mwingine chini. Kutoka nukta A kwenye mstari wa juu unashuka mstari kuelekea kulia hadi nukta B iliyo katikati, kisha unakunja goti na kurudi kushoto hadi nukta C kwenye mstari wa chini. Pale A, mstari unaoshuka umefanya pembe ya nyuzi 35 na sehemu ya mstari wa juu inayokwenda kulia. Pale C, pembe ya namna hiyo ni nyuzi 48. Pembe ya goti pale B ni ngapi?

Ukikodolea macho mchoro jinsi ulivyo, hakuna pembetatu wala Z. Basi ichore mwenyewe: pitisha kwenye B mstari ulio sambamba na ile miwili. Goti limegawanyika vipande viwili. Kipande cha juu ni Z na ile pembe ya A, nyuzi 35. Cha chini ni Z na ile ya C, nyuzi 48. Jumla 83. Swali lililokuwa limefungwa limefunguka kwa mstari mmoja wa penseli, na kwangu hiyo ni mojawapo ya raha safi kabisa za somo hili.

Z hiyohiyo iliwahi kupima dunia. Katika karne ya tatu KK, msomi Mgiriki Eratosthenes alijua kwamba adhuhuri ya siku moja ya mwaka, kule Syene, Aswan ya leo, jua linakuwa utosini kabisa na kumulika hadi chini ya kisima. Saa hiyohiyo, Alexandria iliyoko kaskazini, kijiti kilichosimama wima kilitoa kivuli, na pembe ya kivuli ilikuwa sehemu moja ya hamsini ya duara, yaani nyuzi 7.2. Miale ya jua, kwa umbali linakotoka, ni kama mistari sambamba. Mstari wa kijiti cha Alexandria ukiendelezwa chini ya ardhi unafika kitovu cha dunia, na wa kisima pia. Hapo pana Z: pembe ya kivuli juu ya ardhi inalingana na pembe iliyo kwenye kitovu kati ya miji hiyo miwili. Kwa hiyo umbali kati ya miji hiyo ni sehemu moja ya hamsini ya mzingo wa dunia. Aliuchukulia kuwa stadia 5,000, kipimo cha Wagiriki, akazidisha kwa 50, akapata 250,000. Alifika hapo kwa kivuli, kisima na pembe mbili zinazolingana.

Maumbo yenye pande nyingi hayahitaji maelezo marefu. Simama kwenye kona moja, chora mistari kwenda kona nyingine zote, na umbo linakatika kuwa pembetatu, pungufu kwa mbili kuliko idadi ya pande. Pembetano inatoa pembetatu 3, jumla nyuzi 540. Ikiwa pande na pembe zake zote zinalingana, kila pembe ni 108. Pembesita inatoa 720, kila pembe 120. Hapo ndipo unaelewa kwa nini vigae vya pembesita hufunika sakafu bila pengo na vya pembetano sawa haviwezi: 360 inagawanyika kwa 120, haigawanyiki kwa 108. Nyuki hawakukosea.

Pythagoras, na mraba wa saba kwa saba

Kanuni hii watu huitamka kama shairi: mraba wa upande mrefu ni jumla ya miraba ya pande mbili fupi. Wachache wamewahi kuona kwa nini. Kata karatasi nne za pembetatu mraba (yenye pembe moja ya nyuzi 90, yaani pembe mraba) zinazofanana, pande fupi 3 na 4. Zipange ndani ya mraba wa 7 kwa 7 hivi kwamba kila upande wa mraba una 3 ya pembetatu moja na 4 ya nyingine, na pembe mraba zote nne ziko kwenye kona. Katikati panabaki tundu. Tundu hilo ni mraba uliokaa mshazari, na pande zake ni zile pande ndefu za pembetatu. Eneo lake? Mraba mzima ni 49, kila pembetatu ni 6, zote nne 24. Panabaki 25. Upande mrefu basi ni 5.

Sasa zihamishe pembetatu ndani ya mraba uleule. Ziunganishe mbilimbili ziwe mistatili miwili ya 3 kwa 4, mmoja usimame kwenye kona moja na mwingine ulale kwenye kona ya mkabala. Nafasi tupu sasa ni miraba miwili, mmoja wa 3 kwa 3 na mwingine wa 4 kwa 4. Ni 9 na 16. Karatasi zilizofunika ni zilezile, mraba wa nje ni uleule, hivyo nafasi tupu haina budi kuwa ileile: 25. Badala ya 3 na 4 weka namba yoyote unayotaka, hoja haitikisiki.

Jina la Pythagoras, msomi wa Ugiriki ya kale, limebandikwa kwenye kanuni hii kwa mazoea tu. Kibao cha udongo cha Babeli kinachojulikana kama Plimpton 322, cha takriban mwaka 1800 KK, kina orodha ya namba zinazofuata kanuni hii, zaidi ya miaka elfu moja kabla Pythagoras hajazaliwa.

Namba kama 3, 4, 5 au 5, 12, 13 au 8, 15, 17 zinafaa kukaa kichwani, kwa kuwa watunzi wa maswali huzipenda, na kwa kuwa fundi ujenzi anazitumia: pima mita 3 upande huu, mita 4 upande ule, na umbali kati ya alama hizo ukiwa mita 5 kamili, kona yako ni pembe mraba.

Ujazo: sakafu mara ghorofa

Umbo lolote linalopanda wima bila kubadilika, liwe boksi, mcheduara (umbo kama la kopo) au mche wenye kitako cha pembetatu, ujazo wake ni eneo la kitako mara kimo. Lifikirie kama rundo la karatasi zinazofanana. Mcheduara wenye nusu kipenyo cha sentimita 7 na kimo cha 10: eneo la kitako ni 22/7 mara 49, yaani 154, ujazo ni sentimita za ujazo 1,540, sawa na lita 1.54.

Penye ncha ndipo mambo huwa magumu. Kwa nini ujazo wa pia, yaani umbo lenye kitako cha duara na ncha moja juu, na wa piramidi ni theluthi tu ya kitako mara kimo? Walimu wengi humimina mchanga: pia tatu zinajaza mcheduara mmoja. Linasadikisha, ila halielezi. Napendelea mchemraba. Chagua kona yake moja. Nyuso tatu kati ya sita zinaigusa kona hiyo, na nyuso tatu haziigusi. Kila uso usioigusa uufanye kitako, na kona uliyochagua iwe ncha. Umeukata mchemraba kuwa piramidi tatu, zinazofanana kabisa, zisizoacha upenyo kati yake. Kila moja basi ni theluthi ya mchemraba, na mchemraba ni kitako mara kimo. Ukipata nafasi, tengeneza piramidi hizo kwa karatasi ngumu na uziunganishe kwa mikono yako. Mtu aliyewahi kuzishika hasahau kuandika theluthi.

Na yule mwanafunzi wa jibu la 60 anarudi hapa akiwa na kosa lilelile limevaa nguo nyingine. Swali linasema pia ina nusu kipenyo cha sentimita 5, na urefu kutoka ncha hadi ukingo, ukipimwa juu ya ngozi yake, ni sentimita 13. Ujazo? Anachukua 13 kama kimo. Lakini 13 imeinama, ni kama ule upande wa 6 wa msambamba. Pasua pia katikati kwa kisu cha mawazo: ndani unaona pembetatu mraba yenye upande mrefu 13 na kitako 5. Kimo ni kipeuo cha pili cha 169 kutoa 25, yaani 12. Ujazo ni theluthi ya pai mara 25 mara 12, sawa na 100 mara pai, karibu sentimita za ujazo 314. Ukitumia 13 unapata zaidi ya 340. Kila unapoona urefu kwenye swali, uliza kwanza: huu umesimama au umeinama?

Tufe, yaani umbo la mpira, lina hadithi nzuri kupita zote. Archimedes alionyesha kwamba tufe likikaa ndani ya mcheduara unaolibana pande zote, tufe ni theluthi mbili za mcheduara huo. Mcheduara una kitako cha pai mara nusu kipenyo mara nusu kipenyo, na kimo chake ni nusu kipenyo mara mbili. Chukua theluthi mbili zake na unapata ile kanuni ya 4/3 inayowasumbua wengi kukumbuka. Alilithamini tokeo hilo kiasi kwamba kaburi lake lilichorwa tufe na mcheduara, na Cicero, alipokuwa mtumishi wa serikali ya Roma kule Sicilia mwaka 75 KK, alilitambua kwa michoro hiyo likiwa limefunikwa na vichaka.

Vipimo navyo vina mtego. Mita moja ni sentimita 100, lakini mita moja ya mraba ni sentimita za mraba 10,000, na mita moja ya ujazo ni sentimita za ujazo 1,000,000, yaani lita 1,000. Ukiongeza urefu, upana na kimo cha boksi maradufu, hupati boksi kubwa mara mbili. Yale madogo yanaingia manane ndani yake.

Na kuna maswali yanayoonekana ya fizikia kumbe ni ya boksi tu. Tangi lenye kitako cha sentimita 50 kwa 40 lina maji ya kina cha 20. Jiwe la umbo lisiloelezeka linazamishwa, maji yanapanda hadi 23. Ujazo wa jiwe ni ule wa maji yaliyopanda: 50 mara 40 mara 3, sentimita za ujazo 6,000. Ile 20 ina kazi ya kutolewa kwenye 23 tu, na jiwe lisilopimika kwa rula limepimwa kwa mstatili.

Majira ya nukta

Mwaka 1637 Mfaransa René Descartes alichapisha kazi iliyounganisha mistari na hesabu za aljebra. Wazo lililokua kutoka hapo ni kwamba kila nukta inaweza kuitwa kwa namba mbili: hatua ngapi kulia au kushoto, kisha hatua ngapi juu au chini. Mpangilio huo ni amri. Nukta (3, 8) na (8, 3) ni mahali pawili tofauti.

Umbali kati ya nukta mbili hauhitaji kanuni mpya. Chukua (−3, 4) na (5, −2). Kwenda kulia, kutoka −3 hadi 5, ni hatua 8. Kushuka, kutoka 4 hadi −2, ni hatua 6. Hiyo ni pembetatu mraba, na 64 kujumlisha 36 ni 100, kwa hiyo umbali ni 10. Anayekosea hapa hukosea alama ya kutoa, akisema 5 toa 3 ni 2. Tembeza kidole juu ya mchoro, hesabu hatua, kosa litajionyesha.

Mteremko wa mstari nao ni swali la hatua: kwa kila hatua moja ya kulia, mstari umepanda ngapi? Kwa A(1, 2), B(5, 4) na C(3, 8), mstari AB umekwenda 4 na kupanda 2, mteremko ni nusu. BC umerudi 2 na kupanda 4, mteremko ni −2. Nusu mara −2 ni −1, na hiyo ndiyo dalili kwamba mistari miwili imekutana kwa pembe mraba. Urefu wa AB na BC ni uleule, kipeuo cha pili cha 20. Ukitaka kona ya nne ili upate mraba, anza A na ufuate hatua zilezile za kutoka B kwenda C: rudi 2, panda 4. Unafika (−1, 6).

Swali ninalolipenda kuliko mengine ya sehemu hii ni eneo la pembetatu isiyo na upande hata mmoja uliolala sawa. Tuchukue P(1, 1), Q(7, 3) na R(3, 8). Kitako kipi? Kimo kipi? Unaweza kuvitafuta kwa vipeuo vya pili na ukajuta. Badala yake ifungie ndani ya boksi. Kushoto kabisa ni 1, kulia kabisa 7. Chini kabisa ni 1, juu kabisa 8. Boksi ni 6 kwa 7, eneo 42. Nje ya pembetatu yetu lakini ndani ya boksi kuna pembetatu tatu za kona, zote zenye pembe mraba. Ya chini ya PQ ina pande 6 na 2, eneo 6. Ya kulia ya QR ina pande 4 na 5, eneo 10. Ya kushoto ya PR ina pande 2 na 7, eneo 7. Zitoe: 42 kutoa 23 ni 19.

Ukiwa na karatasi ya miraba, lihakiki jibu kwa njia nyingine kabisa, aliyoichapisha mwanahisabati Georg Pick mwaka 1899, na inayokubali umbo lolote lisilojikata ambalo kona zake ziko kwenye makutano ya mistari. Hesabu makutano yaliyo ndani ya umbo. Hesabu yaliyo kwenye ukingo wake, ugawe kwa mbili. Jumlisha, utoe 1. Kwenye pembetatu yetu, ukingoni kuna P, Q, R na nukta (4, 2) iliyo katikati ya PQ: jumla 4. Ndani, ukihesabu safu kwa safu bila haraka, zimo 18. Kumi na nane, ongeza 2, toa 1: 19.